Hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa Wasandawe: tuanzie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni Wasandawe wa wilaya ya Chemba. Bado tuna pori la kurina asali na kuchimba mizizi ya dawa, ila kila masika shamba jipya la ufuta linalimega. Wenzetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja (hati ya ardhi ya kimila inayomilikiwa na jamii nzima, si mtu mmoja mmoja) mwaka 2011, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nimemgusia kiongozi mmoja kwamba nasi tuombe hati kama hiyo, kanijibu huo ni ukabila. Ukabila gani, na hatudai utemi wala jimbo? Naomba ushauri: tuanze na mpango wa matumizi ya ardhi, au tupeleke hoja mkutano mkuu wa kijiji kwanza? Na wasio Wasandawe tunaoishi nao tuwaweke wapi?