MREJESHO: Programu ilikuwa inashika SQLite ya zamani, sasa imekubali

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona swali: nilikompaili programu yangu kwa SQLite 3.45.0 (maktaba ya hifadhidata) niliyoiweka /opt/sqlite, lakini ikiwaka inalalamika near "RETURNING": syntax error. RETURNING (neno la SQL linalorudisha safu zilizoguswa) imeanza toleo la 3.35.0, kwa hiyo nilichanganyikiwa kabisa.

Aliyeniambia nichapishe sqlite3_libversion(), inayotaja toleo la SQLite linalotumika hasa, nimpe shikamoo yake. Ikatoka 3.31.1! Kumbe -L (chaguo la kutaja folda ya maktaba) inamwelekeza linka, kiunganishi cha kodi na maktaba, wakati wa kujenga tu. Programu ikiwaka, inatafuta upya libsqlite3.so.0 (faili la maktaba ya SQLite), na ldd, amri inayoonyesha maktaba ambazo programu inazipata, ilionyesha imeokota ile ya mfumo. Jina la faili ni lilelile, ndiyo maana haikulalamika mapema.

Nilianza na LD_LIBRARY_PATH (kigezo cha mazingira kinachotaja folda za kutafutia maktaba). Kwenye terminali ilifanya kazi, lakini kwenye cron (inayowasha programu kwa ratiba) ikarudi kulekule, maana cron haisomi mazingira yangu.

Kilichotibu ni -Wl,-rpath, inayoandika njia ya maktaba ndani ya programu yenyewe. Nilitaka folda ya lib iende pamoja na programu, nikaandika $ORIGIN/lib ($ORIGIN ni folda ilipo programu) kwenye Makefile, faili la maelekezo ya make, ikagoma. readelf -d, inayosoma yaliyomo kwenye faili la programu, ikanionyesha RIGIN/lib, make imemeza $O ikidhani ni kigezo chake! (Nilicheka peke yangu.) Hii yenye $ mbili ndiyo iliyokubali:

-Wl,-rpath,'$$ORIGIN/lib'

Programu ya pili, ambayo sina kodi yake, bado naiwasha kwa skripti yenye LD_LIBRARY_PATH. patchelf mliyoitaja (inayobadilisha rpath kwenye programu iliyokwisha kujengwa) sijaigusa, naogopa kuharibu faili pekee niliyonayo.

Asanteni sana wote.