Ushauri: maabara inasema tifutifu, mkono wangu ulisema mfinyanzi. Huu udongo niuite nini?

Mpima_Mashimo

Habari wakuu. Nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya aina moja ya udongo mwekundu: sifa zake, jina lake na sababu ya kuwa pale ulipo. Nina data za maabara, za hali ya hewa na za umbo la ardhi. Kila moja peke yake naielewa, ila nikiziweka pamoja zinanivuta huku na huku.

Shimo liko sehemu ya juu ya mteremko, mwinamo asilimia 6, juu ya mwamba wa jamii ya graniti. Nimechimba hadi sentimita 160.

Tabaka la juu, sm 0 hadi 18: mfinyanzi 24%, kaboni ya mboji 1.9%, pH ya maji 5.3.

Tabaka la chini, sm 45 hadi 110: mchanga 54%, silti 12%, mfinyanzi 34%, kaboni 0.5%, pH ya maji 4.9, pH ya KCl 4.1, CEC (uwezo wa udongo kushika na kubadilishana virutubisho) kwa asetati ya amonia 7.8 cmol kwa kilo. Besi zote (kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu) kwa jumla 1.1, alumini inayobadilishika 1.5. Maji yanayobaki kwenye kPa 1500 ni 21%. Rangi kwenye chati ya Munsell ni 2.5YR 3/6, yaani nyekundu iliyokolea.

Hali ya hewa: wastani wa miaka 30, mvua milimita 1,250, miezi minne mikavu, joto la hewa 22.4. Kituo kiko umbali wa kilomita 35, na kiko chini ya eneo langu kwa takriban mita 300.

Kinachonisumbua ni hiki. Siku ya kuchimba niliandika kwenye daftari "mfinyanzi". Maabara imeleta tifutifu la mfinyanzi na mchanga. Je, nifute nilichoandika nifuate maabara? Na data za hali ya hewa zinaingia wapi kwenye jina?

Auga_Ndefu

Mkuu, mbona jibu unalo. Mfinyanzi umetoka 24 ukafika 34. Gawanya: 1.42. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, WRB, toleo la 2022, unataka uwiano wa 1.4 tabaka la juu likiwa na mfinyanzi kati ya 10% na 50%. Umevuka. Kwa hiyo una tabaka lililokusanya mfinyanzi. CEC yako kwa kilo ya mfinyanzi ni 7.8 gawanya kwa 34 mara 100, unapata 22.9, iko chini ya 24. Alumini imezidi besi. Hiyo ni Akrisoli, udongo wenye asidi uliokusanya mfinyanzi chini. Andika, funga kazi.

Dada_wa_Haidromita

Auga_Ndefu, hesabu zako ziko sawa, lakini umezijenga juu ya namba ambayo mimi siiamini. Nimekaa maabara miaka mingi nikipima chembechembe za udongo, na udongo mwekundu uliochakaa ndio ulionifundisha kutoharakisha.

Mpima_Mashimo, naomba unijibu kitu kimoja kabla hatujaendelea. Uliposhika ule udongo wa chini na kuulowesha, ulihisi nini mwanzoni, na ulihisi nini baada ya kuukanda kwa muda?

Mpima_Mashimo

Dada, mwanzoni ulikwaruza kama una mchanga. Nilipoendelea kuukanda, dakika moja au mbili hivi, ukaanza kunata, nikavuta utepe wa karibu sentimita 7 bila kukatika. Ndiyo maana niliandika mfinyanzi.

Dada_wa_Haidromita

Basi usifute daftari lako. Huo "mchanga" uliouhisi mwanzoni ulikuwa mfinyanzi uliogandamana. Kwenye udongo wa namna hii oksidi za chuma huunganisha chembe za mfinyanzi kuwa punje ndogo ngumu. Ukizikanda kwa vidole zinavunjika. Ukizitia kwenye sodiamu heksametafosfeti, dawa ya kutawanyisha chembe, na kuzitikisa kwa muda mfupi, nyingi hubaki nzima, zinazama mapema pamoja na mchanga, na haidromita, kifaa kinachokadiria chembe kwa kasi ya kuzama kwake, inazisoma kama mchanga. Mashine imesoma sawasawa kile ilichopewa. Kasoro iko kwenye utawanyishaji.

Na ushahidi umeshauleta mwenyewe, labda hukuuona. Chukua maji ya kPa 1500, yaani kile kiwango ambacho mimea hunyauka, toa kaboni: 21 toa 0.5 ni 20.5. Gawanya kwa mfinyanzi uliopimwa, 34. Unapata 0.60. Udongo uliotawanywa vizuri kwa kawaida huwa karibu na 0.4. Ukifika 0.6, mfumo wa Kimarekani wa Soil Taxonomy wenyewe unakuambia usiamini kipimo cha mfinyanzi. Maji yale yameshikwa na uso wa chembe ambazo haidromita haikuziona. Makadirio ya kawaida ni kuzidisha 20.5 kwa 2.5, nawe unapata mfinyanzi wa karibu 51%.

Sasa rudia hesabu ya Auga_Ndefu kwa 51. CEC kwa kilo ya mfinyanzi inashuka kutoka 22.9 hadi 15.3. Mpaka wa tabaka la feraliki, lile la udongo uliochakaa sana linalotambulisha Feralsoli, ni 16: CEC lazima iwe chini yake. Umetoka upande mmoja wa mpaka ukaingia wa pili, na udongo haukusogea hata inchi.

Ila 51 ni makadirio. Usiandike jina kwa makadirio. Rudisha sampuli zote mbili, ya juu na ya chini, uombe zitikiswe usiku kucha na zipimwe kwa pipeti, yaani kwa kunyonya na kupima chembe zilizobaki zikielea majini. Omba pia mfinyanzi unaotawanyika kwenye maji matupu, bila dawa. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Auga_Ndefu

Nimekuelewa dada. Sikuangalia ile safu ya kPa 1500 kabisa, niliona ni ya watu wa umwagiliaji. Lakini hata CEC ikishuka, uwiano wa 1.42 bado upo. Akrisoli inaweza kuwa na CEC ndogo vilevile.

Dada_wa_Haidromita

Ni kweli, na ndiyo sababu nikasema sampuli zote mbili. Kama ya chini haikutawanyika, ya juu nayo huenda haikutawanyika, tena si lazima kwa kiasi kilekile. Uwiano wa namba mbili zenye kasoro si uwiano wa kutegemea. Halafu 1.42 iko hatua moja tu kutoka mpakani: mfinyanzi wa chini ukisomeka 33 badala ya 34, uwiano ni 1.38. Na hata uwiano ukibaki, WRB inakubali Feralsoli yenye tabaka la mfinyanzi iwapo, katika sm 30 za juu za tabaka hilo, mfinyanzi unaotawanyika kwenye maji uko chini ya 10%. Ndiyo maana nimekuomba kile kipimo cha maji matupu.

Mteremko_Mzima

Mnaongea maabara tu, na mimi naona swali la mwenzetu lina miguu mitatu: maabara, hali ya hewa na umbo la ardhi.

Kuhusu hali ya hewa: kwenye WRB haiingii kwenye jina. Waliiacha kwa makusudi, ili udongo utajwe kwa sifa zinazoonekana na kupimika ndani yake. Kwenye Soil Taxonomy inaingia moja kwa moja, kupitia utaratibu wa unyevu na wa joto la udongo. Kwa hiyo amua kwanza unatumia mfumo upi, au vyote viwili, kabla hujaanza kulaumu data.

Ukitumia Soil Taxonomy, wastani wa mvua wa mwaka hautakufaa sana. Milimita 1,250 zikinyesha miezi minane ni udongo mmoja, zikigawanyika mwaka mzima ni mwingine. Kinachoulizwa ni siku ngapi kina cha kati cha udongo kinakuwa kikavu katika mwaka wa kawaida. Zikifika 90, hata zisizofuatana, umetoka kwenye utaratibu wa yudiki (unyevu karibu mwaka mzima), na kwa miezi yako minne mikavu natarajia uwe ustiki (wenye kiangazi cha wazi). Lakini fanya mizania ya mwezi kwa mwezi: mvua, uvukizi, na akiba ya maji ambayo udongo unaweza kushika. Mwezi wa kwanza wa kiangazi mara nyingi udongo bado unaishi kwa akiba.

Joto nalo linahitaji uangalifu. Kituo chako kiko mita 300 chini. Kwa kila mita 100 unazopanda joto hushuka takriban digrii 0.6, kwa hiyo 22.4 ya kituo ni kama 20.6 shimoni kwako. Joto la udongo hukadiriwa kwa kuongeza kati ya digrii 1 na 2.5 juu ya joto la hewa. Unapata kati ya 21.6 na 23.1, na mpaka wa madarasa ya joto la udongo ni 22. Hapo hesabu haiwezi kukuamulia. Fukia kipimajoto kwenye sm 50 usome kila baada ya muda. Kwenye kina hicho joto la mchana na usiku karibu halifiki, hivyo usomaji mchache uliopangwa vizuri katika mwaka unatosha.

Sasa ardhi yenyewe. Bondeni kuna nini?

Mpima_Mashimo

Mita kama 400 chini, udongo ni wa kijivu wenye madoa ya kutu na vipunje vigumu vya chuma. Sikuchimba, nilitoboa kwa auga tu. Na kwenye shimo langu, karibu sm 120, kuna mstari wa vipande vya kwatzi. Mwinamo wa asilimia 6 nimeutoa kwenye ramani ya kidijitali ya mwinuko yenye pikseli za mita 30.

Mteremko_Mzima

Hapo ndipo udongo wako unapoanza kueleweka. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, akifanya kazi Afrika Mashariki, aliona mfuatano huu huu wa mwekundu juu na kijivu chini ukijirudia kilima baada ya kilima, akauita katena, kwa Kilatini mnyororo. Maji yanashuka juu, yanakaa chini. Juu chuma kinabaki na oksijeni kikiwa chekundu. Chini chuma kinayeyuka, kinahama, kinaganda tena kuwa vipunje. Udongo wako mwekundu hauwezi kuelezwa bila ule wa kijivu. Nenda utoboe mashimo manne au matano kwa mstari mmoja kutoka mgongoni hadi bondeni, uandike rangi, kina na mahali madoa yanapoanza.

Mstari wa kwatzi usiupite. Huenda udongo wa juu yake ulisafirishwa kutoka juu ya kilima, au mchwa walipandisha chembe laini kwa miaka mingi na kuyaacha mawe chini. Kama ulisafirishwa, huwezi kuandika kwamba tabaka la sm 45 hadi 110 limetokana moja kwa moja na mwamba ulio chini yake. Na mwinamo pima tena kwa mkono, pale pale. Pikseli ya mita 30 inaweza kumeza tuta zima.

Mzee_wa_Matabaka

Kijana, la kwangu ni moja. Kwenye ufunguo wa WRB, yaani mfuatano wa maswali ya kupata jina, Nitisoli, aina nyingine ya udongo wa mfinyanzi, inaulizwa kabla ya Feralsoli, kwa hiyo lazima uiondoe kwanza. Ulipovunja bonge la udongo wa chini, nyuso zake zilikuwa bapa na zenye kung'aa, au lilisagika?

Mpima_Mashimo

Shikamoo mzee. Lilisagika lote likawa punje ndogo sana. Nimeangalia kwa lenzi ya mara 10, sikuona kung'aa wala ngozi za mfinyanzi, ule utando unaoachwa na mfinyanzi ulioshuka na maji.

Mzee_wa_Matabaka

Marahaba. Basi Nitisoli iondoe. Na kukosekana kwa ngozi za mfinyanzi kuandike, kuna uzito.

Mpima_Mashimo

Wakuu, nimerudi. Majibu ya pipeti yametoka: tabaka la juu mfinyanzi 38%, la chini 52%. Uwiano ni 1.37, chini ya 1.4. CEC kwa kilo ya mfinyanzi ni 15.0. Ile hesabu ya maji, 20.5 kwa 52, ni 0.39. Mfinyanzi wa kwenye maji matupu, sampuli ya sm 45 hadi 75, ni 3%.

Mwinamo kwa mkono ni asilimia 9, na mashimo ya auga yanaonyesha madoa yakianza sm 140 katikati ya mteremko, yakipanda hadi sm 30 kule chini.

Dada_wa_Haidromita

0.39! Hiyo ndiyo namba niliyokuwa naisubiri kuliko zote, maana sasa maji na mfinyanzi vinasema lugha moja. Kwenye ripoti weka vipimo vyote viwili vya mfinyanzi, cha kwanza na cha pili, pamoja na njia iliyotumika. Atakayeshika data za jirani yako zilizopimwa haraka atahitaji kujua.

Bado una deni moja kabla ya kuandika Feralsoli. Mchanga laini, wa milimita 0.05 hadi 0.2, uhesabiwe chini ya hadubini: madini yanayooza kwa urahisi, kama feldispa, yawe chini ya 10%. Kwa mwamba wa graniti usikisie.

Mpima_Mashimo

Nimeshautenga mchanga huo, dada. Napeleka wiki hii, na kipimajoto kimefukiwa jana.