Kampuni ya bima inataka kukagua nyumba kwanza. Nikubali, au nimtafute mkaguzi wangu mwenyewe?

KenchiNaPaa:
Wakuu, habari za majukumu. Nyumba tunayoishi tuliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi, kwa hiyo yaliyomo ndani ya kuta zake hatuyajui yote. Sasa nataka kuikatia bima: moto, dhoruba, bomba kupasuka, wizi. Wakala kanipa fomu, nimejaza nusu nikakwama kwenye maswali kama "nyaya za umeme zilibadilishwa lini?" na "kuna nyufa au dalili za nyumba kutitia?" Halafu ananiambia kampuni itatuma mkaguzi kabla ya kukubali.

Shemeji yangu anasema niachane nao, nitafute kampuni isiyokagua, kwamba mkaguzi akishaingia ni ada kupanda au kukataliwa kabisa. Mume wangu yeye anataka tumlete mkaguzi wetu kwanza, turekebishe, ndipo tuwaite wa bima.

Yanayonitia wasiwasi ni mawili. Dari ya chumba cha nyuma ina doa la maji la hudhurungi, tumelikuta na silioni likikua. Na boksi la meni swichi bado ni lile la fyuzi za waya. Tukiwasha pasi na hita ya maji pamoja, inakuja harufu kidogo ya plastiki. Nikilipia ukaguzi, ripoti yenyewe si itageuka ushahidi dhidi yangu?

FundiWaya:
Dada, hiyo harufu usiiwekee foleni nyuma ya bima. Acha kutumia hivyo vitu viwili pamoja na umwite fundi umeme leo, sio wiki ijayo. Harufu ya plastiki maana yake kuna mahali panapata moto: ama kiungo kimelegea, ama waya ni mwembamba kuliko mzigo. Na kwenye boksi za fyuzi za waya nimeshakuta watu wamefunga waya mnene "ili isikatike katika". Fyuzi isiyokatika ni hatari kuliko kukosa fyuzi, kwa sababu unalala ukidhani unalindwa.

MezaYaBima:
Nimefanya kazi upande wa kupokea maombi ya bima, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Shemeji yako anaona kampuni isiyokagua ndiyo rahisi. Ni rahisi siku ya kulipa ada tu. Kampuni isipokagua, haina maana imeiamini nyumba yako. Imehamishia mzigo wote kwenye fomu uliyojaza na kutia sahihi. Siku nyumba ikiungua ndipo ukaguzi wa kweli unapofanyika, na anayekagua wakati huo anakuja akiwa na fomu yako mkononi.

Jambo hili ni la zamani sana. Mwaka 1766 huko Uingereza, Jaji Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra, akaikatia bima isije ikatekwa. Wafaransa wakaiteka, na aliyeuza bima akagoma kulipa, eti Carter alificha udhaifu wa ngome. Watu wengi huinukuu kesi hii kuonyesha kwamba mwenye bima lazima aseme ukweli wote. Wanachosahau ni kwamba Carter alishinda. Muuza bima angeweza kuuliza na kujua hatari ile, akaamua kuchukua ada na kunyamaza.

Kwako maana yake ni hii: mkaguzi wao akilipanda dari lako, akaliona doa, akaliandika, halafu wakakubali kukukatia bima, itakuwa vigumu baadaye waje waseme hawakulijua. Ukaguzi wao unakulinda na wewe pia. Sheria hutofautiana nchi na nchi (Uingereza yenyewe ilibadilisha zake mwaka 2012 kwa bima za watu binafsi, sasa wajibu mkubwa ni kujibu kwa uangalifu maswali uliyoulizwa), lakini kudanganya kwenye fomu hakukubaliki popote.

Kaskazi_Mwanana:
Mimi sina imani hivyo na wakaguzi. Aliyekuja kwetu alizunguka nyumba akipiga picha na simu, darini hakupanda, boksi la umeme hakulifungua, ripoti ikaja na maneno "hali ni ya kuridhisha" kila ukurasa. Karatasi kama hiyo haimsaidii mtu. Ukitafuta wa kwako, muulize kabla hujamlipa: atapanda darini? Atafungua kifuniko cha meni swichi? Atapima unyevu kwa kifaa au kwa kiganja? Na kama ndiye huyohuyo atakayekuuzia matengenezo, mpe mkono wa kwaheri. Huyo ataona ubovu hata kwenye kitasa.

MtathminiHasara:
Kazi yangu ni kwenda kwenye nyumba baada ya hasara, kwa hiyo niongelee hilo doa, maana madai ya maji ndiyo yenye ugomvi mwingi.

Bima ya nyumba kwa kawaida hulipa jambo la ghafla lisilotarajiwa. Hailipi uchakavu, kutu, mchwa, wala uvujaji wa polepole. Tuseme dhoruba imeng'oa bati na maji yameingia chumba cha nyuma. Nikifika, sianzi na bati. Naangalia doa. Dari ikilowa mara moja ikakauka, huacha ukingo mmoja uliokoza pembeni. Ikilowa na kukauka mara nyingi, kingo zinafuatana moja ndani ya nyingine kama pete za gogo lililokatwa. Napanda juu, natazama misumari ya kenchi: ikiwa imeshika kutu mpaka imetia weusi kwenye mbao inayoizunguka, maji hayo hayakuanza jana. Nachoma mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikiingia bila kulazimisha, kuna kuoza, na kuoza hakuji kwa usiku mmoja. Mwisho naweka kifaa cha kupima unyevu. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi.

Sasa mwenye nyumba analia kwamba doa la zamani lilishakauka, hasara ni ya dhoruba. Pengine anasema kweli kabisa! Lakini ataonyesha nini? Kama ana ripoti yenye tarehe, inayosema "doa la zamani, mbao kavu, bati lilizibwa, picha hizi hapa", mjadala unaisha hapohapo. Asipokuwa nayo, tunabaki na neno lake dhidi ya msumari wenye kutu.

Kwangu mimi faida kubwa ya ukaguzi ni hiyo. Kupunguziwa ada ni jambo la ziada.

KenchiNaPaa:
Nimekuelewa vizuri sana kaka, leo hii nitapanda na tochi. Umeme nao tumeshauzima upande wa hita, fundi anakuja jioni. Lakini bado sijajibiwa: mkaguzi wangu na wa kwao wana tofauti gani? Si nyumba ni ileile?

MezaYaBima:
Nyumba ni ileile, bosi ndiye tofauti. Wa kwako anakufanyia kazi wewe: anatafuta kila kibovu na ripoti ni mali yako. Wa kwao anatafuta kitakachowatia wao hasara: kinachoweza kuungua, kuanguka, kuvuja, kumwangukia mgeni. Mlango usiofunga vizuri hauna maana kwake, ila kama ndio mlango wa mbele. Ripoti yake huenda usiione kabisa, kwa hiyo omba nakala kwa maandishi.

Kule Florida, Marekani, nyumba zikishazeeka kampuni nyingi hudai ukaguzi wa vitu vinne tu: paa, umeme, mabomba, na mfumo wa kupasha joto na kupoza hewa. Ukiwa na hivyo vinne umeshashika sehemu kubwa ya hatari. Na wana ukaguzi mwingine wa upepo, unaoangalia jinsi paa lilivyofungwa kwenye kuta na kama madirisha yana kinga. Huo wa pili mwenye nyumba huutafuta mwenyewe, kwa sababu ukienda vizuri unamshushia ada. Mwambie shemeji yako.

Kitu kingine ambacho mkaguzi wao hukikadiria ni gharama ya kuijenga nyumba upya. Hapo watu wengi huumia. Wanakata bima kwa bei waliyonunulia, ilhali bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Au kinyume: bei ya soko ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa, kuzoa kifusi na kujenga kwa bei za leo. Chukulia kujenga upya ni 100, wewe umekata bima ya 60, jiko likaungua na hasara ni 20. Kama mkataba una kipengele cha wastani (yaani hasara hulipwa kwa uwiano wa bima uliyokata na gharama ya kujenga upya), utalipwa 12. Ile 8 ni yako, na bado hawajakata kile kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe kwenye kila dai.

Kaskazi_Mwanana:
Duh, hilo la wastani sikulijua. Naenda kusoma mkataba wangu.

MtathminiHasara:
Kuhusu ripoti kugeuka ushahidi: ndiyo, inaweza, kama utaisoma halafu ukaifungia kabatini na kujaza fomu kana kwamba hukuiona. Ukishajua nyaya zimechoka, huwezi kuandika "sijui". Mume wako kapanga vizuri: mkaguzi wenu, matengenezo, kisha fomu. Ambatanisha ripoti pamoja na risiti za mafundi. Kama kuna kitu hamjamudu kukirekebisha sasa, kiandikeni hivyo kilivyo. Kampuni inaweza kukiondoa hicho kwenye kinga na kukubali vilivyobaki, na kwenu hiyo ni nafuu kuliko mkataba mzima kuja kutenguliwa siku ya msiba.

Jambo moja dogo. Mkaguzi wao akishapita, mara nyingi inakuja barua ya masharti yenye muda: badilisha hiki kabla ya tarehe fulani. Hiyo barua si ushauri. Tarehe ikipita bila kutekeleza wala kuomba muda, kinga inaweza kusimama na wewe ada unaendelea kulipa.

KenchiNaPaa:
Basi mume wangu kashinda, na ataniimbia mwezi mzima. Tunaanza na umeme, halafu paa, fomu itasubiri. Nyaya zikibadilishwa kuta zitachimbwa. Kuna cha kuweka kumbukumbu hapo?

FundiWaya:
Kipo, tena wengi wanakikosa. Piga picha kuta zikiwa wazi, kabla ya plasta, mfereji mmoja baada ya mwingine, na ionekane kona au mlango ili mtu ajue ni chumba gani. Ukuta ukishafungwa hakuna mkaguzi atakayeona waya ni wa unene gani. Mwambie fundi awe na leseni, apime ethi (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) mbele yako na aandike namba aliyoipata kwenye cheti chenye sahihi yake. Akisema cheti hakina haja, mtafute mwingine kabla hajagusa nyundo.