Breki za R6 kulegea uwanjani ilhali barabarani hazina shida

Mvita_Kent:
Habari zenu ndugu. Ninaishi Kent, Uingereza, na pikipiki yangu ni Yamaha R6 ya mwaka 2008, ambayo siku za kazi hunifikisha ofisini na mara chache kwa mwaka hunipeleka uwanja wa mbio wa Brands Hatch. Jumamosi iliyopita, katika kipindi cha pili, mkono wa breki ya mbele ulizidi kulegea hadi ukakaribia kugusa usukani nilipokuwa ninaikaribia kona ya Paddock Hill. Jumatatu asubuhi ulikuwa mgumu kama kawaida. Hakuna kinachovuja, na pedi bado ni nene. Je, kasoro iko wapi? Na je, niendelee na pikipiki moja kwa kazi zote mbili, ilhali foleni za asubuhi zimeanza kuniumiza viganja na kiuno?

Fundi_Mstaafu:
Pole, kaka. Mafuta yako ya breki yalichemka. DOT 4, aina ya mafuta ya breki yako, hunyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imelala bandani; yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishalowa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155. Barabarani ukifunga breki mara moja, diski hupata muda wa kupoa. Mzunguko mfupi wa Brands Hatch una takriban kilomita 1.9 tu, na ukishatoka Paddock Hill unapanda kilima na kufunga breki tena kwenye kona ya Druids. Joto hupenya kutoka kwenye pedi hadi kwenye mafuta, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, mkono unazama. Mfumo ukipoa, mvuke hutoweka na breki huonekana nzima, jambo ambalo limewahadaa wengi. Mwaga yote, weka mapya ya kopo ambalo halijafunguliwa, na utoe hewa kabla ya kuipanda tena, hata kama ni kwenda kazini tu. DOT 5.1 inafaa pia; DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiiguse.

Dada_wa_Kona:
Naongezea suala la upepo wa tairi. Kipimo cha barabarani cha R6 ni psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Uwanjani tairi huchemka na upepo hupanda, kwa hiyo wengi huupunguza kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa tairi, na kuupima mara tu wanapotoka uwanjani. Usisahau kuujaza kabla ya kurudi nyumbani. Soma pia bima yako, kwa sababu bima nyingi za barabarani hapa hazigharamii ajali ya uwanjani.

Mzee_wa_Gia:
Mimi ningenunua pikipiki ya pili, kuukuu na ya kukaa wima, iwe ya kazi. Injini ya R6 huamka baada ya mizunguko 10,000 kwa dakika; kwenye foleni unabeba mateso yake bila kuonja utamu wake.

Mvita_Kent:
Ahsanteni sana. Nimefungua kikopo cha mafuta ya breki: rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, na tangu niinunue pikipiki hii miaka minne iliyopita sijawahi kuyabadilisha. Kesho ninakwenda kazini kwa treni.