Sukari kupanda alfajiri bila kula

Mwaloni_Kirumba: Wakuu, mgonjwa wa kisukari analala na sukari ya damu 6.8 mmol/L, anaamka na 9.6 hajala kitu. Imetoka wapi?

Kongosho: Kwenye ini. Alfajiri homoni za kotisoli na ya ukuaji hupanda, ini linamwaga glukosi (sukari) kwenye damu, na insulini yake, homoni ya kushusha sukari, haitoshi kuizuia. Mpimeni saa 9 usiku. Ikiwa chini ya 3.9, huenda dozi ya dawa ya usiku ni kubwa. Msiipunguze wenyewe, pelekeni vipimo kliniki.

Igombe: Kama anavua dagaa usiku, kuvuta nyavu nako kunashusha sukari, misuli inanyonya glukosi. Akitetemeka na jasho la baridi mtumbwini, dalili za sukari kushuka: sukari vijiko 3 vya chai kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Sangara wa kukaanga asubiri, mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Kongosho: Na anawe mikono kwanza. Kidole chenye embe hudanganya mashine.