Mjadala: Makanisa yanajaa, mbona taifa halibadiliki?

Mleta mada

Wakuu, kuna kauli inayorudiwa sana mimbarani: watu wakiokoka, taifa litapona. 2 Mambo ya Nyakati 7:14 husomwa kila mkesha wa kuombea nchi. Mimi ni Mkristo na ninaamini maombi. Lakini kuna hatua tunairuka, nayo ni mwenendo wa mwamini akiwa kazini, pale uadilifu unapomgharimu.

Tazameni Zambia. Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Frederick Chiluba aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likaingia katika dibaji ya katiba. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika kesi ya madai, iliamua kwamba yeye na wenzake walifuja dola milioni 46 za umma. Mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai, kwa hiyo simhukumu kupita hapo. Ninachosema ni kwamba kuandika jina la Kristo katika katiba hakulindi hazina.

Sasa someni Luka 3. Watoza ushuru wanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hawaambii waache kazi ya serikali wakaishi naye nyikani. Anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari anawaambia wasidhulumu, wasisingizie watu, waridhike na mishahara yao. Katika Luka 19, Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, naye anatoa nusu ya mali kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Hiyo ni toba unayoweza kuikagua kwenye vitabu vya hesabu.

Msimamo wangu ni huu: imani hugusa taifa kupitia watu wa namna hiyo, si kupitia wingi wetu wala matamko. Karibuni, hasa mnaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, huo mwenendo binafsi unaousifu ulishajaribiwa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni. Ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Toba ya Zakayo kabisa.

Na mwaka 1994, katika nchi hiyohiyo ambayo karibu watu tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo, watu wapatao 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, waliuawa katika mauaji ya kimbari kwa muda wa siku 100 hivi. Wengi waliuawa makanisani walikokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Padre Athanase Seromba wa Nyange alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 kwa kuhusika na kubomolewa kwa kanisa juu ya waliojificha ndani.

Kumbuka jambo jingine. Vitambulisho vilivyomwandika mtu Mhutu, Mtutsi au Mtwa vilianza kutolewa na Wabelgiji miaka hiyohiyo ya 1930. Watu waliungama wizi na ulevi, lakini kile kitambulisho kikabaki mfukoni bila kuulizwa. Mwenendo mwema wa mtu mmoja mmoja unaweza kuishi nyumba moja na dhambi ya taifa zima.

Mchangiaji wa pili

Kaka, hapo juu umesema kweli, ila usimsahau Félicité Niyitegeka wa Gisenyi. Alikuwa Mhutu, mtumishi wa kanisa, akawaficha Watutsi. Ndugu yake, kanali wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe. Akakataa, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa, katika daraja liitwalo Imena.

Hakuzuia mauaji ya nchi nzima, ni kweli. Ila tusiseme imani ilikuwa mapambo tu kwa kila mtu.

Mchangiaji wa tatu

Mnazunguka mbuyu. Denmark imeshika nafasi ya kwanza kwa usafi katika orodha ya rushwa ya shirika la Transparency International mwaka 2022, 2023 na 2024. Ibadani Jumapili ni wachache. Kinachofanya kazi kule ni sheria, ukaguzi, mahakama huru na mishahara inayotosha. Jengeni mifumo, mambo ya moyo mwachieni kila mtu na Mungu wake.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni Mwislamu, nasoma kwa makini. Hayo ya kutopunja na kurudisha haki ya mtu hata sisi tumeamriwa. Mkristo akiwa mwaminifu ofisini, mimi nanufaika bila kuulizwa dini. Lakini akianza kusema nchi ni yake kwa sababu ya imani yake, hapo ananitoa nje. Naomba mtofautishe hayo mawili.

Mleta mada

Ndugu yangu Mwislamu, nimekuelewa, na ndiyo maana nilianza na Zambia.

Kuhusu mifumo: mkaguzi ni mtu. Sheria nzuri humwongezea nguvu, lakini siku bosi anapomletea hesabu za uongo asaini, anayekataa au kukubali ni yeye. Dhamiri hiyo inalelewa mahali fulani, na kanisa ni mahali pamojawapo.

Hoja ya Rwanda ndiyo nzito kuliko zote, nami naijibu kwa Malawi. Kamuzu Banda, rais wa maisha, alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Utawala wake ulipiga marufuku sketi fupi na suruali kwa wanawake, na nywele ndefu kwa wanaume. Maadili yalikuwepo tele, mradi yaishie kwenye mavazi. Wapinzani wake walifungwa na wengine kuuawa. Kisha tarehe 8 Machi 1992 maaskofu saba Wakatoliki wakatoa waraka wa Kwaresima, ukasomwa parokiani nchi nzima. Ulitaja rushwa, pengo la matajiri na maskini, hali ya shule na hospitali, na hofu ya kusema. Maaskofu wakahojiwa na polisi, waraka ukaitwa wa uchochezi. Tarehe 14 Juni 1993, katika kura ya maoni, zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi.

Kwa hiyo tatizo ni orodha ya dhambi tunazozihesabu. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa na kanisa, jina linasomwa mbele ya wote. Mzee anayejulikana kula fedha za umma anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti siku ya harambee. Tukianza kumtenga huyo wa pili, na kurudisha sadaka yake, watu wataelewa tunaamini nini.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, lakini "anayejulikana" na nani? Ukimtenga kwa tetesi umevunja haki unayoihubiri, na ukisubiri hukumu ya mahakama utasubiri hadi azikwe kwa heshima zote za kanisa. Kwa uzoefu wangu, wanaojua ukweli mara nyingi ni karani na mhasibu wake, nao wako kwaya moja naye. Toeni utaratibu: hao wawili waseme kwa nani, na kanisa litawalinda vipi wakifukuzwa kazi?