Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali
Ndugu zangu, naomba msaada. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Kwa siku tatu nimeigawanya kwa mkono kwa kila namba tasa iliyo chini ya 500, na kila mara imeacha baki. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa chembe tu, najua bado zipo tasa maelfu za kujaribu. Je, ipo njia ya kukata shauri bila kuzipitia zote?

Jibu la kwanza
Ndugu, si tasa, na uliishia karibu mno na jibu. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa kwa sababu ndugu zake wadogo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1), wote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Kinachokuokolea muda ni hiki: kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki 1. Chini ya 641, tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449 na 577 tu, na tatu za kwanza ulikwisha kuzijaribu.

Jibu la pili
Naongeza uthibitisho ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauhitaji kuigawanya namba yenyewe. Tazama kwamba 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukiipandisha kwa kipeo cha 4 tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni 625, ambayo ni sawa na −16, yaani −2⁴. Ukiiweka mahali pake, −2³² inakuwa sawa na 1, hivyo 2³² + 1 haiachi baki lolote.

Muulizaji
Ahsanteni sana, nimeufuata mstari kwa mstari. Je, 6,700,417 nayo inagawanyika?

Jibu la kwanza
Hapana, hiyo ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa sharti lile lile la 64 zinabaki tasa nane tu za kujaribu: 577, 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zijaribu mwenyewe, ni kazi ya jioni moja.

Jibu la tatu
Ipo dalili nyingine kwamba 4,294,967,297 si tasa. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, lakini hii ni 65,536² + 1² na vilevile 62,264² + 20,449².